Fuzzy: neno lenye malaika

Binamu yangu alipokuja kutoka Muscat alimletea shangazi jiko la umeme la kupikia wali, la Kijapani, la kampuni ya Zojirushi. Mbele yake, karibu na saa, yameandikwa maneno mawili: Neuro Fuzzy. Shangazi hupima maji ya wali kwa pingili ya kidole cha shahada, na sijawahi kumwona akitoa bokoboko. Alinisogezea lile jiko akasema, "Wewe si ndiye mtafsiri? Hilo neno la pili maana yake nini?" Nikamjibu haraka: isiyo wazi, yenye ukungu. Akalitazama jiko, akanitazama mimi. "Sasa mwanangu, nani anayenunua jiko lisilojua linafanya nini?"

Swali lilikuwa zuri kuliko jibu. Nilikuwa nimefanya kama wanavyofanya wengi wetu tunaopitia kamusi mbio mbio: neno lina vyumba kadhaa, nasi tunamwingiza kila mgeni chumba kile kile cha mbele. Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia neno hili, na nimefikia kuamini kwamba tafsiri ya ukungu inapotosha hasa pale ambapo neno lina kazi kubwa zaidi.

Tuanze lilikotoka. Waingereza wamelitumia tangu karne ya 17, na wakati ule halikuhusiana kabisa na mawazo ya mtu. Lilielezea kitu laini na chepechepe kama sifongo. Huenda walilipata kwa majirani zao wa Ujerumani ya kaskazini. Karne iliyofuata likawa la manyoya mepesi: ngozi ya pichi, sufu inayochambuka kwenye blanketi kuukuu, shavu la mvulana anayeanza kubalehe. Kiswahili kina neno lake kwa hayo, tena zuri: laika, na wingi wake malaika, vile vinywele vyembamba vya mwilini vinavyosimama ukipigwa na baridi. Kutoka kwenye manyoya neno likahamia machoni, maana kitu chenye manyoya ukikitazama huoni hasa kinapoishia. Picha iliyotikisika ikawa fuzzy. Mwisho kabisa, katika karne ya 20, likapanda kichwani: hoja, kumbukumbu, fikra za mtu aliyeamka na uchovu wa jana.

Katika safari hiyo kuna mpindo mmoja ambao watu huupita bila kuuona. Pichi lina malaika hata kama macho yako ni mazima. Ukingo wake ndivyo ulivyo. Picha iliyotikisika ni jambo jingine: mtu aliyepigwa picha ana ukingo wake safi, kilichoharibika ni picha. Neno moja linabeba mambo mawili yasiyofanana, ukosefu wa mpaka katika kitu chenyewe na ukosefu wa uwezo wa kuuona mpaka uliopo.

(Kuna pia historia mbaya. Katika vita vya Mahdi nchini Sudan, miaka ya 1880, askari wa Uingereza waliwaita wapiganaji wa Kibeja "Fuzzy-Wuzzy" kwa sababu ya nywele zao, na Kipling akalitia jina hilo katika shairi la mwaka 1890. Ni watu waliovunja safu ya mraba ya jeshi la Kiingereza, wakabandikwa jina la kitoto. Mwaka 1942, katika njia ya Kokoda huko Papua, askari wa Australia walilifufua kwa wenyeji waliowabeba majeruhi mabegani, wakaongezea neno la malaika, wale wa mbinguni. Kwa Mswahili tusi hilo na sifa hiyo vimekutana katika neno moja bila mtu kukusudia.)

Matumizi mengine nitayapita upesi. Wapiga gitaa wanauita "fuzz" ule mkoromo wa sauti iliyochafuka. Ulianza kwa mtambo mbovu wa studio huko Nashville mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikatoa kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachoiga ubovu ule, na mwaka 1965 Rolling Stones wakaupeleka dunia nzima kwa wimbo wa Satisfaction. Wataalamu wa kompyuta nao wana kazi waliyoipa jina hilo hilo, ya kuishambulia programu kwa herufi za ovyo ili waone kama itaanguka. Wazo lilimjia Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin usiku mmoja wa mwaka 1988, radi zilipokuwa zikiingiza takataka kwenye waya wake wa simu na kuziangusha programu alizozitumia. Katika siasa, George W. Bush alimrushia Al Gore neno hilo kwenye mdahalo wa Oktoba 2000 huko Boston, kuhusu hesabu zake. Sisi tungesema hesabu za kupikwa. Pale halikuwa tena neno la kutoona vizuri, lilikuwa tuhuma.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutoona vizuri: ukungu, utusitusi, kiwi, maruerue, mawenge ya mtu aliyekurupushwa usingizini, chenga za televisheni antena ikigeuzwa na upepo. Yote haya ni ya jicho au ya kilichosimama kati ya jicho na kitu. Jua likipanda, ukungu unaondoka, na mlima ni ule ule. Tuna pia utata, ambao asili yake ni mfundo, nyuzi zilizoshikana: ukisema "nimeona kaa", msikilizaji hajui kama ni wa baharini au la moto. Utata huo unaisha kwa swali moja. Kaa akishatajwa, hakuna kilichobaki.

Lakini kuna aina ya tatu ambayo hufuti kwa kitambaa wala kwa swali. Nenda kwa muuza madafu. Mnazi unatoa kidaka, kidaka kinakuwa kitale, kitale dafu, dafu koroma, koroma nazi. Mpandaji hodari anagonga kwa kucha akakwambia hili dafu, hili limeshakuwa koroma. Mwulize: lilikuwa koroma siku gani? Saa ngapi? Atakucheka, na ana haki. Anajua kila kinachojulikana kuhusu tunda lile. Hakuna ukungu mbele yake, wala maneno yake hayana maana mbili.

Wagiriki walilijua fumbo hili tangu karne ya 4 kabla ya Kristo. Eubulides wa Mileto anasifika kwa lile la lundo: punje moja si lundo, na kuongeza punje moja hakugeuzi kisicho lundo kuwa lundo, basi lundo litatoka wapi? Waswahili wa pwani tumejaribu dawa ambayo kila mtu huifikiria kwanza, yaani kulipa jina lile eneo la katikati. Koroma ndiyo dawa hiyo. Nazi ina thamani, dafu lina thamani, na kilichokuwa katikati kikapewa jina lake ili wauzaji wasigombane. Lakini tazama kilichotokea. Palipokuwa na mpaka mmoja usioshikika, kati ya dafu na nazi, sasa ipo miwili: dafu na koroma, koroma na nazi. Tia majina mia kati ya dafu na nazi, utapata mipaka mia na moja, kila mmoja una malaika yake.

Wanafalsafa wa Kiingereza wamegawanyika juu ya hili. Bertrand Russell, katika makala ya mwaka 1923, alisema vitu vyenyewe viko jinsi vilivyo tu. Ulegevu uko katika kuwakilisha, kama picha iliyochafuka hadi inaweza kuwa ya mtu yeyote, na lugha yote ina ulegevu huo kwa kiasi fulani. Timothy Williamson wa Oxford, katika kitabu cha mwaka 1994, alikwenda mbali zaidi akashikilia kwamba mpaka upo, mkali kama wembe, ila sisi hatuna njia ya kuujua. Yaani iko sekunde ambayo dafu lile liligeuka koroma. Ni hoja iliyojengwa kwa ustadi mkubwa, na ukiibomoa inakulazimu ulipe gharama katika mantiki, lakini kila nikiisoma naliona jicho la yule mpandaji wa minazi. Williamson amewapeleka watu wote kwenye ukungu, kosa lile lile nililomfanyia shangazi.

Aliyelitoa neno kwenye ukungu alikuwa mhandisi. Lotfi Zadeh alizaliwa Baku mwaka 1921, akakulia Tehran, akahamia Marekani mwaka 1944 na kuishia Berkeley, California. Mwaka 1962 aliandika kwamba hesabu za wakati ule haziwezi kushughulikia mifumo ya viumbe hai, na kwamba inahitajika hisabati ya viwango vyenye manyoya au mawingu. Wakati huo alikuwa bado anayaweka maneno yote mawili pamoja. Mwaka 1965 aliacha mawingu, akachapisha makala kuhusu makundi ambayo mtu anaweza kuwa mwanachama wake kwa kiasi, kuanzia 0 hadi 1. Kundi la watu warefu. Kundi la namba zilizo kubwa sana kuliko 1. Alisema baadaye kwamba alifikiria kutumia neno la kumaanisha laini, akaliacha kwa kuwa halikueleza sawasawa alichokusudia. Alijua alilolichagua lina dharau ndani yake.

Dharau ilikuja kweli. Rudolf Kalman, ambaye kichujio chake cha hesabu kilisaidia kuongoza vyombo vya Apollo, aliliponda wazo hilo waziwazi mwaka 1972, akiona ni kulegeza masharti ya sayansi. Wengine walisema ni nadharia ya uwezekano iliyovishwa kanzu mpya. Hili la pili linahitaji jibu, na jibu liko kwenye embe. Nikikwambia uwezekano wa embe hili kuwa bivu ni 0.7, ukilikata utalikuta ama bivu ama bichi, na namba yangu inakufa pale pale. Nikikwambia ni bivu kwa kiasi cha 0.7, ukilikata utakuta 0.7 ile ile: utamu umeingia, uchachu haujatoka. Namba ya kwanza ilipima ujinga wangu. Ya pili inapima embe.

Kuna mtu wa nyumbani katika hadithi hii, na inanishangaza kwamba hatajwi zaidi. Ebrahim Mamdani alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akasomea uhandisi India na kisha London. Akiwa mwalimu wa chuo cha Queen Mary, yeye na mwanafunzi wake Seto Assilian waliichukua nadharia ya Zadeh, ambayo kwa karibu miaka kumi ilikuwa karatasi tupu, wakaifunga kwenye injini ndogo ya mvuke. Hawakuandika milinganyo ya injini. Waliandika anachokisema mtu anayeiendesha: shinikizo likiwa juu kidogo na linapanda taratibu, punguza moto kidogo. Kompyuta ikapewa namba za "kidogo" na "taratibu", ikaiendesha injini. Makala yao ilitoka mwaka 1975, na mpaka leo wanafunzi wengi wa uhandisi wanaojifunza somo hili huanza na "aina ya Mamdani".

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, zaidi nje ya Marekani. Wadenmark wa F.L. Smidth waliitumia kuendesha tanuru za saruji. Mwaka 1987 treni ya chini ya ardhi ya Sendai, Japani, ilianza kuondoka na kufunga breki kwa mfumo huo uliotengenezwa na Hitachi. Mwaka 1990 Matsushita wakatoa mashine ya kufulia inayopima uchafu wa maji, na Wajapani wakalipenda neno lenyewe, fajii, hadi likatuzwa miongoni mwa maneno mapya ya mwaka ule. Kwao halikuwa na aibu ya Kiingereza. Lilifika likiwa safi.

Hapo ndipo nilipopata la kumwambia shangazi. Jiko la kawaida la wali lina akili ya swichi: maji yakiwapo, joto la chini ya sufuria halipiti sana nyuzi 100, yakikauka joto linaruka, swichi inadondoka, kazi imekwisha. Hili la Muscat linapima joto mara kwa mara na kujiuliza limefikia wapi, limechelewa kidogo au limewahi sana, kisha linaongeza au kupunguza moto kwa kadiri hiyo. Akasikiliza. "Kumbe linaonja," akasema.

Na lugha yake yeye ilikuwa tayari na zana hizo. Zadeh, katika kazi zake za miaka ya 1970, alipendekeza neno la kumaanisha "sana" lifanye kazi kama kuzidisha namba kwa yenyewe: bivu kwa 0.7 ni bivu sana kwa 0.49 tu. Na la kumaanisha "kwa kiasi fulani" lipandishe, 0.7 iwe kama 0.84. Kiswahili kina kifaa kingine ambacho Kiingereza hakina kwa wepesi huo, yaani kulirudia neno. Mchuzi una chumvichumvi: haujawa wa chumvi, lakini umeanza. Nguo ni nyeusinyeusi. Mtoto anaumwaumwa, si wa kupeleka hospitali, si wa kupeleka shule. Wala kurudia si sikuzote kupunguza. "Sawasawa" haikupunguza chochote, na chai ya "motomoto" itakuunguza. Mzungumzaji anajua lipi ni lipi bila kufundishwa. Ningekuwa mwalimu wa kompyuta ningeanzia hapo, nisingeanzia kwa Eubulides.

Lakini maisha hayaachi mipaka iwe na malaika daima. Kuna mambo yanayotaka kukatwa, na pale anayekata ana mamlaka. Mfano mkubwa kuliko wote katika mwambao ni alfajiri ya Ramadhani. Qur'ani inaruhusu kula mpaka upambanuke weupe wa mapambazuko na weusi wa usiku, kwa mfano wa nyuzi mbili. Katika hadithi inayojulikana sana, Adi bin Hatim aliweka nyuzi mbili halisi chini ya mto wake, moja nyeusi na moja nyeupe, akawa anazitazama. Mtume akamweleza kwamba kinachokusudiwa ni giza la usiku na mwanga wa mchana. Mwanga huo hauji kwa mlango kufunguliwa. Unavuja. Wanaopanga kalenda wanalazimika kuchagua jua liwe nyuzi ngapi chini ya upeo wa macho, na wamechagua tofauti: 15 kwa jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini, 18 kwa Rabita ya Makka, 18.5 kwa kalenda ya Umm al-Qura, 19.5 kwa Misri. Karibu na ikweta kila nyuzi moja ni takriban dakika 4. Kati ya 15 na 19.5 kuna kama dakika 18, muda wa kutosha mtu kumaliza sahani ya daku na kuteremshia maji. Wote wametazama mbingu ile ile, na hakuna aliyekuwa na ukungu machoni.

Sheria inafanya vivyo hivyo kwa watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inamfanya kijana kuwa aliyetimiza miaka 18 na hajatimiza 35, na mzee kuwa aliyepita 60. Mtu analala kijana anaamka siye. Kati ya 35 na 60 hana jina lake peke yake. Hakuna anayeamini kwamba ndivyo ujana unavyokwisha. Tunakubali wembe kwa sababu kuna mifuko ya kugawa na viti vya kugombea. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na upande wa pili: wanaojifanya mpaka hauna namna ya kushikika ili wasibanwe. Wanasema suala liko kwenye mchakato. Serikali iko mbioni. Kwa kiasi kikubwa lengo limefikiwa. Kiasi hicho kina namba, ipo kwenye jalada, na aliyesema anaijua. Huo ni ukungu, tena wa kupuliziwa. Kuuita kwa jina moja na dafu linaloelekea koroma ni kumsaidia aliyeupuliza.

Ndiyo maana nataka neno jingine kwa maana ya Zadeh, na chaguo langu ni vuguvugu. Maji ya vuguvugu si maji yasiyojulikana hali yake. Mkono umeingia, umejua, na ulichojua ndicho hicho. Nimeshapingwa, kwa sababu nzuri. Muumini vuguvugu anasutwa katika Biblia. Na magazeti yetu yanaandika vuguvugu la uchaguzi, la mabadiliko, mambo yanayofukuta. Najibu kwamba Zadeh naye alichukua neno lililokuwa tusi akalipa kazi. Mantiki vuguvugu, kundi vuguvugu: mwanafunzi wa kidato cha nne ataelewa nusu ya somo kabla mwalimu hajafungua kitabu, jambo ambalo "mantiki isiyo bayana" halitamfanyia. Kwa picha iliyotikisika tubaki na ukungu, au chenga. Kwa blanketi, manyoya.

Limebaki moja linalonihusu mfukoni. Programu tunazotumia watafsiri huhifadhi kila sentensi tuliyowahi kutafsiri, na ikija nyingine inayofanana nayo, hutuonyesha ile ya zamani pamoja na asilimia ya kufanana. Kiingereza huita hiyo "fuzzy match", na wakala hulipa pungufu kadiri asilimia inavyopanda, kwa kuwa kazi, ati, imeshafanyika. Ofisi moja iliniletea mwongozo wa samani. Sentensi ya zamani ilisema kiti kikubwa kipya kimevunjika. Mpya ilikuwa ya meza. Kwa Kiingereza maneno ni 6 na lililobadilika ni moja, yaani zimefanana kwa asilimia 83. Kwangu mimi: meza kubwa mpya imevunjika. Kiti kimeondoka na ki- zake zote. Maneno ni manne, na hakuna hata moja lililobaki kama lilivyokuwa. Niliwaandikia nikaeleza ngeli. Wakanijibu kwa adabu kwamba mfumo umehesabu neno moja jipya.